Pigo la Tenisi Halinyoshwi kwa Mechi Peke Yake

UKIPITA Jumamosi asubuhi kando ya uwanja wowote wa tenisi, uwe ni ule wa klabu ya wenye nafasi au ule wa shule wenye nyufa na majani yaliyoota katikati, hutakosa kumwona bwana mmoja wa makamo aliyevaa kaptura nyeupe. Bwana huyu amecheza tenisi kwa miaka kumi au kumi na mitano. Hakosi wiki. Viatu vyake ni vizuri, raketi yake ni ya bei, na kwa upande wa pumzi hana wa kumlaumu. Lakini mpira ukimwendea kushoto, yaani upande unaomlazimu kuupiga kwa mgongo wa mkono, mwenzake huanza kutembea mapema kwenda kuuokota wavuni. Anajua utakakokwenda. Ulikwenda huko huko mwaka jana, na mwaka juzi vile vile.

Ukimwuliza bwana huyu kwa nini hajalirekebisha pigo hilo, atakujibu kwamba kazi zimemzidi na hapati nafasi ya kucheza vya kutosha. Hapo ndipo anapokosea, ndugu msomaji, kwa sababu kucheza amecheza, tena sana. Kitu ambacho hajapata kufanya ni kukaa na pigo hilo moja, akalirudia akiwa na mtu wa kumwambia kweli. Mechi ni mtihani. Nani amepata kuijua hesabu kwa kufanya mtihani kila Jumamosi, halafu asirudishiwe karatasi yake ikiwa imesahihishwa?

Tena tazama jinsi mechi ilivyo. Katika saa nzima ya mchezo, pigo lile bovu huenda likamjia mara chache tu, na kila mara kwa namna yake: mpira mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umeruka hadi begani. Na kwa kuwa anataka kushinda, bwana yule hulikimbia pigo hilo. Hujizungusha mbio mbio ili aupige mpira kwa kiganja, au huubetua tu ilimradi uvuke. Kwa njia hiyo mkono wake haupati kujifunza lolote, ila kujificha.

NYANI HAONI KUNDULE

Wataalamu waliopima jambo hili wanatueleza kwamba mpira wa tenisi hukaa juu ya nyuzi za raketi kwa muda mdogo mno. Igawanye sekunde moja mafungu 1,000, kisha chukua mafungu 4 au 5 tu. Huo ndio muda wenyewe. Kabla habari za mguso huo hazijapanda kutoka kiganjani hadi kwenye ubongo, mpira umekwisha kuondoka zamani. Maana yake ni kwamba hakuna mchezaji, hata awe bingwa wa dunia, anayeweza kulirekebisha pigo wakati raketi inapougusa mpira. Kilichokosewa kimekwisha kukosewa. Anachobaki nacho ni kumbukumbu ya pigo lililopita.

Na kumbukumbu hiyo hudanganya. Mchezaji ataapa kwamba aliinama magoti, kumbe alisimama wima kama mlingoti wa bendera. Atasema raketi aliirudisha nyuma mapema, kumbe aliirudisha wakati mpira umekwisha dunda mbele yake. Hasemi uongo kwa kutaka, ila mwili wake ndio umemweleza hivyo naye akauamini. Wazee walisema nyani haoni kundule, na sidhani kuna mahali ambapo usemi huo unafaa zaidi ya kwenye uwanja wa tenisi.

Kwa hiyo anayetaka kulinyosha pigo lake anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kulirudia pigo lile lile mara nyingi hadi mwili ulizoee. Cha pili ni jicho lililo nje ya mwili wake. Wengi wetu tunakijua hicho cha kwanza tu, na ndiyo maana tunaharibikiwa. Mazoezi hayachagui kizuri wala kibaya. Ukilirudia kosa mara mia tano, basi umejifunza kukosea, tena barabara, na atakayekuja kulitoa kosa hilo baadaye atakuwa na kazi ya kung'oa kisiki.

UKUTA

Mwalimu wa bei nafuu kuliko wote ni ukuta. Björn Borg wa Uswidi, aliyelitwaa taji la Wimbledon miaka mitano mfululizo, kutoka 1976 hadi 1980, alianza hivyo. Baba yake alishinda raketi ya rangi ya dhahabu kama zawadi katika mashindano ya tenisi ya mezani, akampa mtoto. Mtoto akatoka nayo nje, akaanza kuupiga mpira kwenye ukuta wa gereji katika mji wao wa Södertälje, saa baada ya saa.

Lakini usidhani kila anayepiga ukuta anafanya mazoezi. Wengine huupiga kwa fujo tu, kama mtu anayepiga zulia kutoa vumbi. Chukua chaki na utepe wa fundi cherehani. Piga mstari wa kwanza kwenye kimo cha sentimita 91, ambacho ndicho kimo cha wavu katikati ya uwanja. Piga mstari wa pili juu yake kama mita moja. Kati ya mistari hiyo miwili chora mraba, kisha urudi nyuma hatua kama nane hivi. Sasa una shabaha, na ukuta utaweza kusema nawe.

Nao husema mengi kwa anayeusikiliza. Ukiupiga mpira moja kwa moja, unakurudia pale pale. Ukiona kila mara unakimbilia kushoto, jua kwamba uso wa raketi ulikuwa ukitazama kushoto ulipougusa mpira, hata kama wewe unajihisi umenyooka. Ukipita juu ya mstari wa pili, raketi ilikuwa imelala ikitazama mbinguni. Ukigonga chini ya mstari wa kwanza, huo ni wavu, wala usijipe pointi. Hesabu kwa sauti: katika mipira 20, ni mingapi imeingia ndani ya mraba? Iandike mahali.

Ukuta una ubaya wake pia, afadhali tuuseme. Unaurudisha mpira upesi sana, kwa sababu mpira umekwenda nusu tu ya safari ambayo ungekwenda uwanjani. Anayeanza hujikuta anaharakisha, anakata pigo katikati, anarusha mkono bila ya kuuzungusha mwili. Dawa yake ni rahisi: rudi nyuma zaidi na uuache mpira udunde mara mbili kabla ya kuupiga. Katika mechi ni kosa, lakini hapa hakuna refa. Tumia mipira ya zamani iliyopungua pumzi. Nayo hurudi pole pole.

LESO NA MIPIRA MINANE

Baada ya ukuta, tafuta mwenzako. Si lazima awe mchezaji. Mdogo wako, binamu, hata nyanya yako aliyekuja kukutembelea, ilimradi awe anaweza kurusha mpira kwa mkono. Nasisitiza kwa mkono. Wengi huanza kwa kupigiana na wenzao kwa raketi, na mpira ukawajia kila mara kwa mwendo mwingine na mahali pengine, halafu wanashangaa kwamba hawaendelei. Mpira uliorushwa kwa mkono kutoka hatua tano au sita, kwa chini, pole pole, hudunda mahali pale pale, na anayejifunza anaweza kushughulika na pigo lake peke yake.

Upande wa pili wa wavu tandaza leso. Kama hakuna leso, gunia litafaa. Iweke karibu na mstari wa mwisho, kwenye pembe iliyo mkabala nawe kwa mshazari. Piga mipira minane, kisha nendeni wote mkaiokote. Kuokota huko pia ni sehemu ya mazoezi, kwa sababu ndipo mnapoona ilikoangukia na mnapata kuzungumza. Ikifika siku ambapo katika mipira 10 saba inaangukia juu ya leso au hatua moja kutoka kwake, isogeze mahali pengine. Kabla ya hapo usiisogeze, hata ukichoka kuitazama.

Kwa nini kwa mshazari? Kuna sababu, nayo inapimika. Uwanja wa wachezaji wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23. Ukipiga sambamba na mstari wa kando, mpira una mita hizo 23.77 tu za kutua. Ukipiga kutoka pembe hadi pembe, safari inakuwa zaidi ya mita 25, yaani umeongezewa zaidi ya mita moja bure. Isitoshe, wavu umeinuka kwenye nguzo hadi sentimita 107, na katikati umeshuka hadi 91. Mpira wa mshazari hupita pale palipo chini. Kwa hiyo anayejifunza ana nafasi ya kukosea kidogo na bado mpira ukaingia. Mabingwa wenyewe wanapokuwa mashakani hupiga mshazari, wala si kwa woga.

Kuna zoezi jingine ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote. Simamisha miti miwili kando ya wavu, funga kamba juu ya wavu kama mita moja, halafu piga mpira upite juu ya kamba hiyo na bado uangukie ndani. Mara ya kwanza wengi husema haiwezekani, kwa sababu wamezoea kuupitisha mpira ukiparuza wavu. Itawalazimu waanze raketi chini ya mpira na kuipandisha, ili nyuzi ziusugue mpira kutoka chini kwenda juu. Mpira ukisuguliwa hivyo huzunguka kwa mbele, hewa huukandamiza, nao hushuka ghafla kabla ya kuufikia mstari wa mwisho. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kulifundisha jambo hilo haraka kama ile kamba.

Sikatai kwamba kuna wenye mitambo. Yasemekana aliyekuwa wa kwanza kuubuni mtambo wa kurusha mipira ya tenisi ni René Lacoste wa Ufaransa, katika miaka ya 1920. Lacoste huyu, ambaye jina lake leo liko kwenye mashati yenye mamba, alikuwa na tabia ya kuandika katika daftari udhaifu wa kila aliyecheza naye. Alishinda mataji saba makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Wa pili wa kutajwa ni baba yake Andre Agassi, kule Las Vegas, aliyeutengeneza mtambo wake ambao mwanawe aliuita dragoni. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 Agassi anaeleza kwamba baba alimtaka apige mipira 2,500 kila siku, naye akauchukia mchezo huo tangu utotoni. Alikuja kuwa bingwa, ni kweli. Lakini singependa mzazi yeyote anayesoma ukurasa huu achukue hesabu hiyo akaipeleke kwa mtoto wake wa miaka saba. Mipira 80 anayoitazama mtoto ikienda na kurudi inafaa kuliko 2,500 anayoipiga akiwa amenuna.

KUMWAMBIA MTU KOSA LAKE

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Kurusha mpira ni kazi ya mkono, bali kumwambia mtu kosa lake ni kazi ya busara, na hapa ndipo walimu wetu wengi wanapoteleza.

Wapo wanaosifu kila kitu. "Vizuri! Vizuri sana! Safi!" Mpira umetoka nje, safi. Mpira umegonga wavu, safi, jaribu tena. Nimewaona walimu wa namna hii wakilipwa kwa saa, na mwanafunzi anakwenda nyumbani amefurahi na pigo lake ni lile lile. Wapo pia wa namna ya pili, ambao hawanyamazi. Mpira haujavuka wavu, wamekwisha taja magoti, bega, kiwiko, macho, mshiko na mguu wa nyuma. Mtoto hawezi kuyafikiria mambo sita kwa wakati mmoja huku mpira mwingine uko njiani.

Mwaka 1984 wataalamu watatu, Alan Salmoni, Richard Schmidt na Charles Walter, waliukusanya uchunguzi mwingi uliokuwa umefanywa kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kazi za mikono na viungo. Waligundua jambo ambalo linashangaza mwanzoni. Anayeambiwa kosa lake baada ya kila jaribio hufanya vizuri wakati anaambiwa. Lakini mwambiaji akiondoka, naye huanguka. Amezoea kuegemea gongo, na sasa gongo limeondolewa. Aliyeambiwa mara moja moja tu hujikongoja zaidi mwanzoni, lakini hujifunza kujipima mwenyewe, na ujuzi wake hudumu.

Kwa hiyo mwalimu mwenye akili huanza kwa kuuliza. Mazungumzo yao huwa mafupi, hivi:

"Umekwenda wapi mpira?"

"Nje, mwalimu. Ulikuwa mrefu."

"Raketi ilitazama wapi?"

"Juu. Nafikiri juu."

"Haya. Huu unaokuja, itazame wewe mwenyewe."

Basi. Halafu mwalimu ananyamaza kwa mipira mitano au sita. Mtoto amekisia kwanza, kisha akaona mwenyewe kama alikisia kweli. Siku akiwa peke yake katika mechi, mwalimu hayuko, ataweza kujiuliza maswali yale yale.

Jambo la pili ni kuchagua maneno. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliofundishwa kuyumba kwenye chombo kinachofanana na mbao za kutelezea kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu ya chombo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao. Katika tenisi maana yake ni hii: badala ya kumwambia mtoto "nyosha mkono", mwambie "upitishe mpira juu ya kamba." Badala ya "zungusha bega", sema "leso iko kule." Mwili unajua kutafuta njia ukipewa mahali pa kwenda. Mwalimu wa Kimarekani Timothy Gallwey alikuwa na njia inayokaribiana na hiyo katika kitabu chake kilichotoka 1974: humtaka mwanafunzi aseme kwa sauti neno moja wakati mpira unapodunda, na neno jingine unapopigwa. Kwa Kiswahili tungesema "dunda" na "piga". Lijaribu zoezi hili na mtu anayechelewa kuuona mpira. Utamsikia akisema "piga" wakati mpira umekwisha mpita, na hapo atacheka mwenyewe. Huna haja ya kumwambia lolote.

Na kama hakuna mwalimu? Siku hizi simu imo mfukoni mwa karibu kila mtu. Iegemeze kwenye uzio, kwanza kwa upande, baadaye kwa nyuma yako, na ujipige picha za kutembea. Nyingi zina namna ya kuipunguza mwendo picha hata ukaona nyuzi zikiugusa mpira. Tazama jambo moja tu kila mara. Ningeanza na hili: mpira uliguswa mbele ya mwili, au ubavuni? Katika mapigo ya wanaojifunza, mengi huharibika kwa kuwa mpira umeachwa ukafika ubavuni, na hapo mkono hauna nguvu wala nafasi. Usiitazame picha hiyo kila baada ya pigo moja. Piga mipira 20, kisha tazama, kwa sababu ile ile waliyoisema wataalamu wa 1984. Na usiipeleke kwa marafiki ili wakusifu.

KUCHANGANYA

Wasomaji wengine watauliza: je, nikae na pigo moja hadi lini? Swali zuri. John Shea na Robyn Morgan walifanya jaribio huko Marekani mwaka 1979, na kwa bahati njema walitumia mpira wa tenisi, ingawa hawakuwa wakicheza tenisi. Watu waliushika mpira mkononi, wakaangusha vibao vidogo kwa mpangilio fulani upesi iwezekanavyo, kisha wakauweka mpira mahali pake. Kulikuwa na mipangilio mitatu. Kundi moja lilirudia mpangilio wa kwanza hadi wakaumaliza, ndipo wakaenda wa pili. Kundi la pili walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Walipojaribiwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka.

Ndiyo maana siku nyingine mtu hutoka mazoezini akijiona simba, halafu Jumamosi katika mechi pigo lote limepotea. Alipiga mipira 60 ya kiganja mfululizo, na ule wa sitini ulikuwa mzuri kwa sababu alikuwa amekwisha piga 59. Mechi haikupi 59. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba pigo likiwa bado halina umbo, lirudie peke yake. Likishapata umbo, mwambie mwenzako akurushie bila ya mpango: mmoja wa kiganja, miwili ya mgongo wa mkono, mmoja mfupi wa kukukimbiza mbele. Utakosa zaidi, na hesabu yako katika daftari itashuka. Usiogope.

MCHEZO WA NANI?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya wenye mali. Sina budi kukiri kwamba tenisi ililetwa hapa nchini na klabu za wakoloni, na katika nyingi za klabu hizo Mwafrika hakuingia ila kwa kufanya kazi: kufagia, kupika, kupeleka vinywaji na kuokota mipira. Lakini waliookota mipira walikuwa wakitazama, na kutazama ni nusu ya kujifunza.

Angella Okutoyi alizaliwa mwaka 2004 na kulelewa na nyanya yake huko Loresho, Nairobi. Hakukulia katika nyumba yenye uwanja nyuma. Januari 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi katika mashindano ya vijana ya Australian Open. Julai mwaka huo huo, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walilitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili, wakiwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Hapakuwa na Mkenya mwingine aliyepata kushinda taji lolote la mashindano hayo makubwa manne. Mwezi Machi 2024 alishinda nishani ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra.

Itazame hesabu ya fainali ile ya Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na mchezo ukaamuliwa kwa pointi za mwisho, 11-9. Wangeteleza kidogo tu, tusingelisikia jina lake mwaka huo. Wasichana wangapi walio na mkono kama wake wako katika shule zetu, wanaupiga mpira kwa kosa lile lile kila siku, kwa sababu aliye karibu nao husema "safi" tu? Serikali na vyama wakijenga viwanja zaidi tutashukuru. Lakini ukuta wa darasa upo tayari, na chaki ipo ndani ya darasa hilo hilo.

Kwa watoto wadogo kuna jambo la kuzingatia. Mpira wa kawaida wa manjano ni mwepesi wa kuruka na humpita mtoto kichwani, hata akajifunza kuupiga vibaya ili aufikie. Ndiyo sababu tangu 2012 shirikisho la kimataifa la tenisi halikubali mpira huo utumiwe katika mashindano ya walio chini ya miaka 10. Wao hutumia ya rangi nyekundu, ambayo mwendo wake umepunguzwa kwa asilimia 75, kisha ya chungwa, asilimia 50, kisha ya kijani, asilimia 25. Shule isiyoweza kuinunua yaweza kutumia mipira mizee iliyokufa; si sawa kabisa, lakini inakaribia.

Na kwa wale wanaosafiri: msilaumu pigo kabla ya kulaumu hewa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mpira huruka mbali na kudunda juu zaidi, hata sheria za tenisi zina mipira maalumu kwa mahali palipopita mita 1,219. Mtu wa Mombasa akija Nairobi, siku ya kwanza mipira yake yote hutoka nje. Wa Nairobi akishuka pwani, yake huangukia wavuni, naye huanza kudhani amerogwa. Afadhali kila mmoja afike siku mbili mapema, atandaze leso yake na ahesabu upya.

Saa moja ya mazoezi yaweza kugawanywa hivi: dakika kumi za ukuta ili mwili upate moto, dakika 25 za mipira ya kurushiwa kwa mkono, pigo moja au mawili, si zaidi, dakika 15 za kuchanganya, na zilizobaki ni za pigo la kuanzisha mchezo. Hili la mwisho huachwa na wengi, nalo ndilo pigo pekee ambalo halimtegemei adui. Ubaya wake aghalabu hauko katika kupiga, uko katika kuurusha mpira juu. Ilaze raketi chini, mbele kidogo ya mguu wako wa mbele, kwa upande wa mkono unaopigia. Urushe mpira kwa mkono mwingine juu kuliko kimo ambacho raketi yako ingefika, na uuache uanguke. Ukiangukia juu ya nyuzi, vema. Ukiangukia mgongoni kwako au pembeni, umepata jibu bila ya kuuliza mtu. Zoezi hili halihitaji uwanja wala wavu, na wakati wa mvua za masika laweza kufanywa barazani, maadamu mwenye nyumba ameondoa vyungu vyake vya maua.